Sungura Aliyevuka Umri wa Kuchinjwa



Vijitabu vyetu vya ufugaji wa sungura, vile vinavyouzwa kando ya dawa za minyoo na mbegu za nyanya, humfuata mnyama huyu tangu mimba ya mwezi mmoja hadi afikishe miezi minne au mitano. Ndani yake utasoma habari za koksidia, ukurutu wa masikio, mafua, na namna ya kupanga mabanda. Kisha unakuja mzani, kisu na bei ya kilo. Kitabu kinaishia hapo kwa sababu sungura naye anaishia hapo. Hata jike wa kuzalisha huondolewa baada ya miaka michache, uzao wake unapoanza kupungua.

Siwalaumu waandishi. Waliandikia watu wanaotafuta kitoweo na ada ya shule. Lakini sungura anayetunzwa vizuri huishi miaka 8 hadi 12, na anayeshikilia rekodi ya dunia ya Guinness, Flopsy wa Tasmania, alikamatwa porini Agosti 1964 akafa Juni 1983, akikaribia miaka 19. Vijitabu vyetu vinatufundisha nusu mwaka wa kwanza tu wa maisha hayo. Leo nataka tuzungumze juu ya miaka inayobaki.

Mnaweza kuuliza: wazee hao wako wapi hapa kwetu? Wapo wengi kuliko tunavyodhani. Familia ya mjini hununua sungura wawili weupe kwa ajili ya mtoto. Mtoto anakua, anapelekwa shule ya bweni, na sungura anabaki nyuma ya nyumba akilelewa na bibi au dada wa kazi. Hakuna anayemchinja kwa sababu ana jina. Anafika miaka sita, saba. Siku moja anaacha kula, anapakiwa kwenye boksi la katoni hadi dukani kwa muuza dawa za mifugo, na jibu linatoka haraka: huyu ni mzee.

Hoja yangu nzima ni kwamba hilo si jibu. Uzee ni umri. Mengi tunayoyaona kwa sungura mzee, kama kujikunyata, kujichafua, kukonda na kuchagua chakula, ni maumivu yenye mahali yalipotokea na mara nyingi yenye dawa. Tatizo ni kwamba tunamtibu kwa ujuzi tulioupata kwa watoto wa miezi minne.

Elimu ya sungura wazee ilikusanywa hasa mahali ambapo watu walikubali kuishi nao ndani ya nyumba. Huko California, Marinell Harriman alichapisha House Rabbit Handbook mwaka 1985, na mwaka 1988 ikaanzishwa House Rabbit Society. Waingereza wakaunda chama chao mwaka 1996. Sungura walipoondolewa kwenye banda la uani na kuletwa sebuleni, mambo mawili yalitokea: waliishi muda mrefu zaidi, na kulikuwa na mtu karibu wa kuona wanavyougua. Madaktari wa kule wakaanza kuletewa wagonjwa ambao hata vitabu vyao vya chuo havikuwa vimewataja.

Kuona kwenyewe ni kazi. Mficha maradhi kifo humuumbua, wanasema wazee, na sungura ni bingwa wa kuficha. Porini, anayechechemea ndiye anayeliwa, kwa hiyo hapigi kelele wala hafuati watu akilalamika. Mwaka 2012 watafiti wa Newcastle, Uingereza, walitoa kipimo cha kusoma maumivu kwenye uso wa sungura, baada ya kuwachunguza waliokuwa wakichorwa alama masikioni. Wanatazama mambo matano: macho yanayofumba nusu, mashavu yaliyobonyea, pua iliyochongoka, sharubu zilizokakamaa, na masikio yaliyokunjwa na kulazwa nyuma. Mtazame kwa mbali kabla hajajua kwamba unamtazama. Ukishamshika atakuonyesha uso wa woga tu, na hapo hutaona kitu kingine.

Tuanze na mdomo, maana ndiko matatizo mengi yanakoanzia. Sungura ana meno 28, na yote hukua maisha yake yote. Meno ya mbele ya juu hurefuka takriban milimita 2 kwa wiki, yaani zaidi ya sentimita 10 kwa mwaka. Kinachoyapunguza ni kusaga nyasi. Nyasi zina chembe ngumu za silika, na kuzitafuna kunataka taya liende upande na upande kwa saa nyingi za siku. Pumba, mkate, ugali uliobaki na hata chakula cha punje cha kiwandani hupondwa kwa taya kupanda na kushuka mara chache tu, kisha vinamezwa. Shibe inapatikana lakini magego hayasagiki. Sungura wa miezi minne hachelewi kuchinjwa, kwa hiyo kosa hili halionekani kwake. Kwa wa miaka sita ni hesabu iliyolimbikizwa.

Gego lisilosagika hufanya mambo mawili. Kwa juu hutoa ncha kali. Gego la taya la chini huchoma ulimi, la taya la juu huchoma shavu. Kwa chini mzizi unasukumwa ndani ya mfupa. Pitisha vidole polepole chini ya taya la sungura mzee, na mara nyingine utakuta vinundu. Hiyo ni mizizi. Mizizi ya juu hubana mfereji wa machozi, ambao hupita karibu sana na meno ya mbele. Ndiyo maana sungura mwenye jicho moja linalotoka machozi au usaha kila mara huenda hana ugonjwa wa jicho kabisa. Nimeona wagonjwa waliotiwa dawa ya macho miezi kadhaa huku jino likiendelea kuoza. Jipu likitokea tayani, kulipasua na kulikamua hakusaidii, kwa kuwa usaha wa sungura ni mzito kama dawa ya meno na hautiririki. Kifuko chote kinatakiwa kuondolewa, pamoja na jino lililokisababisha.

Na tafadhali, acheni koleo. Kukata meno ya mbele kwa koleo au kikatio cha kucha hupasua jino kwa urefu hadi kwenye mzizi na kufungulia njia ya jipu. Meno hupunguzwa kwa msasa wa mashine, na magego hayafikiki bila dawa ya usingizi.

Sungura mwenye kidonda mdomoni hasemi kitu. Anasogelea chakula, anakinusa, anachukua jani laini na kuacha nyasi. Mwenye sungura anafurahi kuona bado anakula, kumbe huo ndio mwanzo wa tatizo la pili, tumbo. Sungura hawezi kutapika. Utumbo wake unategemea nyuzinyuzi ndefu ziupe mwendo, na nyuzinyuzi zikipungua mwendo unapungua, maji yanafyonzwa, chakula kinakauka ndani, gesi inajaa, maumivu yanamfanya aache kula hata kile kidogo. Sukari ya damu inashuka, mwili unaanza kuyeyusha mafuta yake kwa kasi kuliko ini linavyoweza kuyapokea, na ini linashindwa. Mnene hufa upesi kuliko mwembamba. Kwa hiyo mtu akiniambia sungura wake hajala wala hajatoa kinyesi kwa saa 12, simwambii asubiri kesho.

Nyumbani unaweza kumpasha joto, maana joto lake la kawaida ni kati ya nyuzi 38.5 na 40 na huyu atakuwa ameanza kupoa. Unaweza kumlisha kwa sirinji chakula chake cha punje kilichosagwa na kulowekwa, mililita 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito wake, kidogo kidogo kutokea pembeni mwa mdomo, mara kadhaa kwa siku. Lakini tumbo likiwa limevimba na kuwa gumu, usimlishe. Huenda utumbo umeziba, na hapo anahitaji daktari kabla ya kitu kingine chochote. Dawa ya kutuliza maumivu ni sehemu ya matibabu ya tumbo, wala si anasa. Utumbo unaouma hautembei.

Sasa nifike kwenye jambo linaloniuma mimi kuliko yote. Sungura mzee hapati nafuu haraka, na mwenye duka anataka kusaidia. Anatoa amoksilini ya kumeza, ileile anayopewa mtoto mwenye kikohozi. Ndani ya utumbo mpana wa sungura kuna bakteria wanaochachusha nyasi, nao ndio wanaomlisha. Dawa za jamii ya penisilini zikipitia mdomoni huwaua hao wema na kuwaachia nafasi wale wanaotengeneza sumu. Anaanza kuharisha na mara nyingi hafiki wiki. Linkomisini na klindamisini ni hivyohivyo. Zipo antibiotiki anazozivumilia, na penisilini yenyewe daktari anaweza kuitumia kwa sindano. Kosa liko kwenye njia ya mdomo. Ongezeni na fipronili, dawa ya kupe na viroboto inayodondoshwa mgongoni mwa mbwa. Kwa mbwa haina neno. Kwa sungura inaweza kuleta degedege na kifo. Kama mnauza dawa, andikeni haya mawili kwenye karatasi mbandike ukutani nyuma ya kaunta.

Tutoke tumboni twende mgongoni. Mifupa ya sungura ni kama asilimia 8 tu ya uzito wake, myepesi mno kwa mnyama mwenye miguu ya nyuma yenye nguvu hivyo. Akiwa kijana anaweza kuvunja uti wake mwenyewe kwa teke moja akishikwa vibaya. Akizeeka, viungo vya nyonga, magoti na pingili za mgongo huota mifupa ya ziada na kukakamaa. Hachechemei. Anaacha kuruka kwenye kibao alichozoea, anasita mbele ya kizingiti cha banda, anakojoa alipolala.

Hapo ndipo mlolongo unaposukana. Sungura hutoa kinyesi cha aina mbili: gololi kavu mnazozijua, na vishada laini vinavyong'aa ambavyo huvila moja kwa moja kutoka kwenye tundu la haja kubwa, kwa sababu vimejaa protini na vitamini B zilizotengenezwa na bakteria wake. Ili kuvifikia lazima akunje mgongo. Mgongo ukikataa, vishada vinagandamana kwenye manyoya ya nyuma. Mkojo nao unalowesha mapaja kwa sababu hawezi kuinua kiuno akojoe mbali. Ngozi inachubuka, nzi anataga, na katika joto la kwetu mabuu huanguliwa kwa saa chache na kuanza kula nyama hai. Mtu aliyeona sungura safi asubuhi anaweza kukuta jioni mnyama anayekufa.

Wengi wakimwona hivyo husema amekuwa mchafu, wakamtumbukiza kwenye beseni. Msimwogeshe. Anapata mshtuko, anapoa, na ngozi yake nyembamba huchanika. Safisha sehemu iliyochafuka tu kwa maji ya vuguvugu, punguza manyoya kwa uangalifu, kausha kabisa, kisha mpeleke akapewe dawa ya viungo. Meloksikamu, ikipimwa na daktari kwa uzito wake, imewarudishia wengi uwezo wa kukunja mgongo, na usafi ukarudi wenyewe bila sabuni. Mpe pia sakafu yenye nyasi nene. Sungura hana nyama laini chini ya nyayo kama paka au mbwa, ana manyoya tu, na mzee anayekaa kutwa juu ya waya au saruji hutoboka visigino hadi mfupani.

Mkojo una habari zake nyingine. Wanyama wengi hufyonza kalisi kwa kadiri wanavyohitaji. Sungura hufyonza karibu yote iliyomo kwenye chakula, akaitoa iliyozidi kupitia figo. Ndiyo maana mkojo wake huwa na ukungu mweupe hata akiwa mzima. Kwa mzee asiyetembea na asiyekunywa vya kutosha, kalisi hiyo hutuama kibofuni, ikawa tope zito, mara nyingine jiwe. Alfalfa, sukuma wiki na mchicha si sumu, ila si chakula cha kila siku kwa mzee mwenye tope. Nyasi za kawaida, maji kwenye bakuli pana badala ya chupa ya kunyonya, na kutembezwa, husaidia kuliko vidonge. Rangi nyekundu isiwatishe mara moja: mimea mingine hutia mkojo rangi ya kutu au chungwa. (Nikiri kwamba wafugaji wa Kenya wanaokinga mkojo wa sungura ili kuuza mbolea ya majani wametutangulia sisi wenye mabanda ya mapambo, wao huona mkojo ulipobadilika siku hiyohiyo.)

Lakini kwa jike, damu halisi ni habari nyingine. Mwaka 1938 Greene na Saxton wa Taasisi ya Rockefeller nchini Marekani walichapisha uchunguzi wao wa uvimbe wa kizazi kwa sungura, na tafiti zilizofuata zimeonyesha kwamba katika baadhi ya aina, zaidi ya nusu ya majike waliovuka miaka minne bila kutolewa kizazi hupata saratani hiyo. Huanza polepole, kisha hufika mapafuni. Jike wa biashara hafikii umri huo. Jike wa mtoto aliyekwenda bweni anafika, na hatari yake ni kubwa kuliko nyingine zote nilizozitaja. Kinga ni kumtoa kizazi mapema, kabla ya miaka miwili.

Sitaki kuwadanganya kuhusu upasuaji. Uchunguzi mkubwa uliochapishwa Uingereza mwaka 2008 ulikuta kwamba vifo vinavyohusiana na dawa ya usingizi vilifika karibu asilimia 1.4 kwa sungura, wakati kwa paka na mbwa havikufika robo ya asilimia moja. Kwa sungura waliokuwa na afya, hatari ilikuwa karibu nusu ya hiyo. Kwa hiyo chagueni daktari aliyekwisha kufanya kazi hii, na mwulizeni swali moja la kumpima: je, nimfungishe kula usiku wa kabla? Akisema ndiyo, tafuteni mwingine. Mbwa hufungishwa asije akatapika. Sungura hatapiki, na usiku mmoja wa njaa unamwanzishia matatizo ya tumbo kabla hata hajalazwa mezani.

Kuna pia kimelea kiitwacho Encephalitozoon cuniculi, kilichoelezwa kwa mara ya kwanza mwaka 1922 kwa sungura waliopooza. Huenezwa kwa mkojo na huweza kukaa mwilini miaka mingi kimya. Uchunguzi wa Uingereza uliochapishwa 2006 ulikuta dalili za kukutana nacho katika damu ya takriban nusu ya sungura wa nyumbani. Kinga ya mwili ikilegea kinaamka: kichwa kinapinda upande mmoja, miguu ya nyuma inalegea, au figo zinachoka taratibu. Nimesikia mara nyingi kichwa kilichopinda kikihusishwa na jicho la mtu au mkono wa mtu. Ni ubongo au sikio la ndani, na fenbendazoli ya siku 28, miligramu 20 kwa kilo kila siku, hutumika, pamoja na kumlisha mnyama ambaye hawezi kusimama. Wapo wanaobaki na kichwa kimepinda na wakaishi miaka mingine, wakila vizuri. Mwenye kinga dhaifu nyumbani asifanye usafi wa banda, au anawe mikono sawasawa.

Yaliyobaki nayapitia haraka. Mtoto wa jicho huja, na sungura kipofu hujua nyumba yake mradi usihamishe bakuli. Macho mawili yanayotokeza kwa pamoja yanaweza kumaanisha uvimbe kifuani. Moyo huchoka, na moyo uliochoka haupendi joto. Sungura hatoki jasho. Joto lake hutokea masikioni, na hapa Pwani hewa ikizidi nyuzi 30 mzee mnene anaweza kuzimia mchana mmoja. Kivuli, upepo, na chupa ya maji yaliyogandishwa iliyofungwa kwa kitambaa ili aiegemee akitaka.

Chombo muhimu kuliko vyote mnacho tayari: mzani wa jikoni. Mpimeni kila wiki, siku ileile, mwandike. Manyoya huficha mifupa, na jicho linalomwona kila siku halioni anavyopungua. Akipoteza sehemu moja ya kumi ya uzito wake, kuna jambo, hata kama anakula mbele yenu.

Na kwa wale wenye wawili. Mmoja akifa, au daktari akishauri alazwe kwa sindano kwa kuwa maumivu hayashikiki tena, mwacheni mwenzake akae na mwili saa chache kabla hamjauzika. Watu hunicheka nikisema hivi. Lakini sungura aliyeondolewa mwenzake ghafla mara nyingi humtafuta na kuacha kula, na mmekwisha kusikia nini humpata sungura asiyekula. Hesabuni gololi zake kila asubuhi kwa wiki mbili, mpimeni kila siku badala ya kila wiki, na msimletee kijana mwenye fujo wa kuziba pengo. Kama mnataka kumtafutia mwenzi, awe wa umri unaokaribiana naye, aliyehasiwa, na wakutanishwe mahali ambapo hakuna mmoja wao anapaita kwake.